Moshi wa Nairobi hauulizwi kliniki

Huku Manchester, mjamzito akienda kliniki mara ya kwanza, mkunga humpa kifaa kidogo apulize. Kinapima kaboni monoksidi, ile hewa isiyo na harufu inayotoka kwenye sigara na kuchukua nafasi ya oksijeni kwenye damu, mtoto tumboni akapata pungufu. Uwe unavuta au huvuti, utapuliza. Kikisoma 4 kwenda juu, unaelekezwa kwa washauri wa kuacha sigara, bila kufokewa. Mimi sijagusa fegi maishani, lakini mkunga aliniuliza nani anavuta nyumbani, kisha akauliza boila yetu ya gesi, ule mtambo wa kupasha maji na nyumba joto, ilikaguliwa lini, maana ikiharibika nayo hutoa hewa hiyohiyo, sawa na jiko la makaa.

Hilo swali la boila ndilo lililonifanya niandike.

Maana sisi wa Nairobi tukisikia habari za sigara na mimba, tunajipiga kifua. Utafiti wa kitaifa wa 2014 ulisema wanawake wa Kenya wanaovuta ni asilimia 0.8 tu, wanaume 15.1. England, mwaka wa 2023/24, asilimia 7.4 ya akina mama walikuwa bado wanavuta wakati wa kujifungua, na serikali ilikuwa imeweka lengo la kufika 6 kufikia 2022. Basi tunasema hayo ni mambo ya wazungu. Sikubali. Ni binti gani wa Eastlands, mitaa ya mashariki ya Nairobi, atamwambia mtu wa utafiti kwamba anavuta, mama mkwe yupo pembeni ametega sikio? Na utafiti huohuo ukihesabu tumbaku ya kila aina, ugoro ukiwemo, wanawake wanapanda hadi asilimia 4.5. Shosho mwenye kikopo cha ugoro hakuna anayemwita mvutaji.

Halafu kuna moshi wa watu wengine. Fikiria chumba cha ploti kule Mukuru, mtaa wa mabanda Nairobi, futi kumi kwa kumi, pazia limegawa kitanda na jikoni. Jiko la makaa linawashiwa nje, likishika linaingizwa ndani, na baridi ya Julai ikikaza linabaki humo mlango umefungwa. Baba yuko kitandani na sigara yake. Mama, mimba ya miezi saba, anageuza chapati. Huyo mama kwenye takwimu ni "havuti".

Sheria tunayo. Ile ya Kudhibiti Tumbaku ya 2007 ilikataza kuvuta hadharani na kuuza sigara moja moja. Lakini simama kwenye kibanda chochote karibu na steji: pakiti iko wazi, na kiberiti cha gesi kinaning'inia kwa uzi ili mteja ajiwashie. Polisi mwenyewe ananunua hapo.

Waingereza wamefika mbali hadi kulipa. Glasgow walifanya jaribio, matokeo yakatoka 2015: wajawazito walioahidiwa vocha za hadi pauni 400 waliacha kwa asilimia 22.5, wasioahidiwa 8.6. Nikiwasimulia watu wa nyumbani wanacheka, eti mtu alipwe kwa kuacha ujinga wake. Wacheke tu, vocha siwaombei. Hela hizo kwetu zina kazi nyingine.

Ninachotaka ni cha bei rahisi. Mimba yangu ya kwanza niliibebea Nairobi. Kliniki walinipima damu, mkojo, presha, uzani na virusi, wakajaza kijitabu vizuri. Moshi haukutajwa hata siku moja, na mume wangu hakuna aliyemuuliza kitu.

Sasa tuna wahudumu wa afya ya jamii 100,000, wale waliopewa mabegi ya vifaa 2023. Hawa ndio wanaoingia nyumbani na kuliona jiko lenyewe. Waongezewe maswali mawili kwa kila mjamzito: mnapikia nini, na nani anavuta humu ndani? La pili ajibu baba kwa mdomo wake, mama asimsemee.