Ukoo wa Houblon: Wakimbizi, Benki Kuu na Mabaharia Wasiolipwa

Kuanzia mwaka 1994 hadi 2014, noti ya pauni 50 ya Uingereza ilibeba sura ya Sir John Houblon, gavana wa kwanza wa Benki Kuu ya nchi hiyo, mzaliwa wa ukoo wa wakimbizi wa Kiprotestanti. Ukoo huo hutajwa mara nyingi na wale wanaotaka kuonyesha kwamba mkimbizi anayepokelewa vizuri huinufaisha nchi iliyompokea. Nakubaliana na sehemu kubwa ya hoja hiyo, lakini jinsi inavyosimuliwa inawaacha nje watu walioulipia ustawi wa akina Houblon, na baadhi yao walilipa kwa shingo zao.

Akina Houblon walitoka Lille, mji ambao leo ni wa Ufaransa lakini wakati huo ulikuwa chini ya mfalme wa Hispania, na walihamia London katika nusu ya pili ya karne ya 16. Huitwa Wahugenoti, yaani Waprotestanti wa Ufaransa, kwa mazoea tu. Wahugenoti wengi walikimbia Ufaransa baada ya mfalme Louis XIV kuifuta mwaka 1685 Amri ya Nantes, iliyowaruhusu Waprotestanti kuabudu, na walipofika London waliwakuta akina Houblon wakiwa matajiri tayari. Anayesema kwamba Benki Kuu ilianzishwa na wakimbizi waliokuwa wametoka tu kushuka melini anaruka zaidi ya miaka 100, na katika miaka hiyo mapokezi hayakuwa ya ukarimu mtupu: wageni walitozwa kodi maradufu ya wenyeji, na mwaka 1593 bandiko la kuwatishia mauaji lilibandikwa kwenye ukuta wa kanisa la Waholanzi jijini London. Kwa hiyo mfano wenyewe, ukisomwa kwa makini, unathibitisha kwamba faida ya kumpokea mgeni inaweza kuchukua vizazi vitatu kuonekana. Hilo watetezi wa wakimbizi hawapendi kulisema, na wapinzani wao hawana subira ya kulisikiliza.

Siri ya mafanikio yao ilikuwa kuaminika. James Houblon mkubwa, baba yake John, alikuwa mzee wa kanisa la Kifaransa katika mtaa wa Threadneedle na mfanyabiashara aliyeheshimiwa kiasi kwamba alipofariki mwaka 1682, Samuel Pepys, mtumishi mashuhuri wa jeshi la majini, alimtungia maandishi ya kaburini kwa Kilatini. Watoto wake walifanya biashara na Ureno, Hispania na nchi za Mediterania. Katika biashara ya namna hiyo mtu alituma mzigo asiouona tena, akapokea hati ya hawala iliyoandikwa na mtu aliye mbali kwa majuma kadhaa ya safari, na kinga yake kubwa ilikuwa kujua kwamba mwandishi wa hati hiyo ni shemeji, binamu au mwenzake wa kanisani ambaye aibu ingemfikia popote alipo. Jamii ndogo iliyoungana kwa imani na kwa ndoa ilikuwa na mtaji ambao Mwingereza tajiri wa mashambani hakuwa nao. Uaminifu huo haukuishia kwenye hesabu: mwaka 1679 Pepys alipofungwa katika Mnara wa London kwa tuhuma za kuuza siri za jeshi la majini, James mdogo, ndugu yake John, alikuwa mmoja wa waliomwekea dhamana.

Basi serikali ya William III ilipohitaji fedha za kupigana na Ufaransa, ilikuwa jambo la kawaida kuwageukia watu kama hawa. Benki Kuu ilianzishwa Julai 1694 kwa kuikopesha serikali pauni 1,200,000 kwa riba ya asilimia 8. John akawa gavana, na ndugu zake James na Abraham wakawa miongoni mwa wakurugenzi. Wanaosifu tendo hilo wana hoja nzito, kwa kuwa mfalme aliyezoea kukopa kwa masharti magumu na kulipa apendavyo sasa alifungwa na sheria ya Bunge, na Uingereza ikapata nguvu ya mikopo ambayo maadui zake hawakuwa nayo. Hata hivyo, riba ile ilitoka mahali. Sheria iliyoianzisha benki iliegemeza mkopo huo kwenye ushuru wa meli na wa bia na vileo vingine, yaani kibarua aliyekunywa bia yake jioni alikuwa akimlipa riba mwenye hisa. Tena mwaka huohuo John aliteuliwa kuwa mmoja wa makamishna wa jeshi la majini, na mwaka uliofuata akawa Meya Mkuu wa London. Mtu mmoja alikuwa anasimamia mkopo wa vita, meli za vita na jiji lenye wakopeshaji. Wakati ule hilo halikuwa kosa kisheria, lakini sioni sababu ya kulipita kimya.

Mizani inaelemea upande wa pili hasa katika jambo jingine la mwaka 1694. Sir James, yule ndugu yake John aliyemdhamini Pepys, alikuwa kiongozi wa wawekezaji wa msafara wa meli nne uliokusudiwa kwenda Karibi kwa kibali cha mfalme wa Hispania, ili kufanya biashara, kuopoa mali kutoka meli zilizozama na kupora mali za Wafaransa. Meli zilikwama miezi kadhaa katika bandari ya La Coruña, Hispania, na mishahara haikulipwa. Wake wa mabaharia walikwenda kulalamika London, na jibu walilosema walipewa na Sir James ni kwamba waume zao sasa walikuwa chini ya mfalme wa Hispania. Mwezi Mei mabaharia wakiongozwa na Henry Every waliiteka meli kubwa ya msafara, iliyoitwa Charles II, wakaiita Fancy na kuingia Bahari ya Hindi. Mwanzoni mwa 1695 walikuwa Nzwani katika Komoro, na Septemba wakaishambulia Ganj-i-Sawai, meli ya mfalme Aurangzeb wa India iliyokuwa na mahujaji waliokuwa wakirejea kutoka Makka. Abiria waliteswa na wanawake wakabakwa. Mshahara uliocheleweshwa hauwezi kuhalalisha unyama huo, na mabaharia sita walioshitakiwa London mwaka 1696, watano kati yao wakanyongwa, hawakuwa watu wasio na hatia. Lakini William Dampier, msafiri maarufu aliyekuwa katika meli nyingine ya msafara uleule na hakuasi, alifuata njia halali: aliwashitaki wamiliki akidai ujira wake, akashindwa. Aliyeasi alitafutwa kwa kitanzi, asiyeasi akanyimwa haki yake mahakamani, na wawekezaji wakaendelea na nyadhifa zao.

Upande wa ardhi, kizazi cha John hakikuwa na haraka. Sir James alikuwa na Forest House huko Leyton, nje kidogo ya London, nyumba ambayo baadaye ilikuwa ya Gilbert Heathcote, naye gavana wa benki, kisha ya akina Bosanquet, ukoo mwingine wa Kihugenoti. Mashamba makubwa yalikuja baada ya 1725, pale Jacob Houblon aliponunua Hallingbury katika jimbo la Essex pamoja na Msitu wa Hatfield. Jacob aliingia bungeni kama Tory, yaani upande uliokuwa ukiwatuhumu wakopeshaji wa London kwa kula nchi. Mali ya benki ilikwisha kugeuka kuwa hadhi ya kibwanyenye, na asili ya kigeni ikabaki kwenye jina.

Wapo wanaosema kwamba angalau ukoo huo ulitunza msitu wa kale. Ni kweli walichimba ziwa, wakajenga kibanda kilichopambwa kwa makombe ya baharini, na miti mingi ilidumu wakati misitu mingine ya Essex ilifyekwa. Lakini katikati ya karne ya 19 walivunja pia mgawanyo wa kale wa haki za malisho na kuni uliowahusu wanavijiji, na sehemu kubwa ya msitu ikawa mali yao peke yao. Walipouza miaka ya 1920, shoka la mfanyabiashara wa mbao lilikwisha kuanza kazi. Aliyeuokoa ni Edward North Buxton, aliyeanza kuununua akiwa katika ugonjwa uliomuua, ili ukabidhiwe kwa shirika la kuhifadhi urithi wa taifa, National Trust.