Tumemdhulumu Yaya wa Juliet

Nilitoka ukumbini, baada ya kutazama onyesho la tamthilia ya Romeo na Juliet, nikiwa na hasira ambayo mpaka leo haijanitoka. Vijana wawili walioshika nafasi kuu waliigiza vizuri, na watazamaji walilia pale palipostahili machozi, kwa hiyo sina neno nao. Kilichonikera ni jinsi yaya wa Juliet alivyogeuzwa kuwa kichekesho tangu mwanzo hadi mwisho, bibi mropokaji wa kuhemahema na kuzomewa, na jinsi maneno yake kuhusu mtoto wake aliyekufa yalivyofyekwa yote, nadhani kwa ajili ya kufupisha onyesho. Aliyeyafyeka aliondoa aina ya upendo ambayo ikikosekana nusu ya pili ya tamthilia hiyo haieleweki.

Tumezoea kuiita hadithi ya wapenzi wawili kutoka koo mbili zenye uadui, na kwa mazoea hayo tunasahau kwamba Shakespeare, aliyeiandika katikati ya miaka ya 1590, aliwazungushia wapenzi hao watu wengi ambao nao wanapenda, kila mmoja kwa namna yake. Romeo mwenyewe anaanza akiwa hoi kwa ajili ya Rosaline, binti ambaye hatumsikii akitamka hata neno moja, kisha anamsahau usiku uleule anapomwona Juliet. Paris, kijana anayetaka kumwoa Juliet, anampenda kwa kupeleka maombi kwa baba yake, ingawa nakubali kwamba kufia kaburini akiwa amemletea maua kunampunguzia lawama. Mercutio na Romeo wanapendana kwa upendo wa marafiki waliozoea kutaniana, na upendo huo una nguvu kiasi kwamba kifo cha Mercutio mikononi mwa Tybalt kinamfanya Romeo amuue Tybalt huyo, binamu wa mke aliyetoka kufunga naye ndoa siku hiyohiyo. Mama yake Romeo anakufa kwa huzuni ya mwanawe kufukuzwa mji wao wa Verona kwa mauaji hayo, na habari nzito kama hiyo tunaipata kwa mistari miwili tu kutoka kwa mumewe.

Kwamba Juliet ndiye anayejua kupenda kuliko wote, hilo silibishi. Romeo anapotaka kuapa kwa mwezi, Juliet anamkataza kwa kuwa mwezi haukai katika hali moja. Juliet ndiye anayelitaja jambo la ndoa kwanza, na ndiye anayepanga kwamba kesho yake atatuma mjumbe kupokea jibu. Mjumbe huyo ni yaya wake. Binti wa ukoo mkubwa, mwenye baba na mama hai, anapotaka kukabidhi siri inayoweza kuwaangamiza wote, anaikabidhi kwa mtumishi, na hatumwoni akisita hata kidogo.

Sababu yake imeelezwa mapema, katika sehemu ileile ya tamthilia ambayo waongozaji hupenda kuikata. Mama yake Juliet anataka kuzungumza na bintiye habari za kuolewa. Anamwambia yaya awapishe, kisha papo hapo anamwita arudi asikilize shauri lao. Sijui mtu anayeweza kusoma mistari hiyo asione mama ambaye hajazoea kukaa peke yake na mtoto wake. Mama anajua kwamba binti bado hajatimiza miaka 14, na ujuzi wake unaishia hapo. Yaya anasema anaweza kuutaja umri wa mtoto huyo bila kukosea saa, na anaitaja siku yenyewe: usiku wa kuamkia sikukuu ya mavuno, yaani tarehe 31 Julai.

Kisha kumbukumbu zinamjia kwa mfululizo. Miaka 11 iliyopita, siku ya tetemeko la ardhi, alikuwa ameketi juani chini ya ukuta wa banda la njiwa, amejipaka dawa chungu kwenye chuchu ili kumwachisha mtoto ziwa. Mtoto akaonja, akahisi uchungu, akalikasirikia titi. Hapo ndipo banda lilipotikisika. Siku moja kabla ya hapo mtoto alikuwa ameanguka na kuumia kwenye paji la uso, na aliyemwinua alikuwa mume wa yaya, ambaye sasa ni marehemu. Katikati ya yote hayo yaya anataja, bila kumlaumu yeyote, kwamba bwana na bibi wa nyumba walikuwa Mantua, mji mwingine. Watazamaji hucheka kwa sababu bibi huyu anarudiarudia maneno na hanyamazi hata anapoamriwa. Nami nasema mtu aliyeyasikiliza vizuri maneno hayo ameshaambiwa ni nani aliyekuwepo katika utoto wa Juliet na ni nani ambaye hakuwepo.

Na kuna Susan. Yaya anasema Susan na Juliet walikuwa wa umri mmoja, kwamba Susan yuko kwa Mungu, na kwamba alikuwa mwema mno kuwa wake. Anamtaja, anamwombea, na mara moja anarudi kwenye hesabu ya siku ya kuzaliwa ya Juliet. Tamthilia haisemi Susan alikufa lini wala kwa ugonjwa gani, na haina haja ya kusema. Inatosha kujua kwamba mwanamke huyu alizika mtoto wake mwenyewe, na kwamba kila mwaka unaoongezeka katika umri wa Juliet unamwonyesha umri ambao Susan angekuwa nao. Ukiiondoa mistari hiyo, anayebaki jukwaani ni mtumishi mwenye domo. Ukiiacha, unajua kwa nini anasema kwamba akijaliwa kuishi hadi amwone Juliet ameolewa, atakuwa hana haja nyingine.

Wako wanaosema baba yake Juliet naye anampenda, na kwa shingo upande nakubaliana nao. Paris anapokuja mara ya kwanza, Capulet anamwomba asubiri miaka miwili, anamwambia ardhi imekwisha kumeza matumaini yake mengine yote akabaki na huyu mmoja, na anasema ridhaa yake mwenyewe haitoshi bila ridhaa ya binti. Hayo ni maneno ya baba mwema. Lakini siku mbili baadaye, Juliet anapokataa kuolewa na Paris, baba huyohuyo anamwambia ajinyonge, aombeombe, afe njaa, afie barabarani, kwa kuwa hatamtambua tena kama mtoto wake. Upendo wa Capulet ulikuwa wa kweli maadamu binti hakuwa na matakwa yake mwenyewe. Mama, naye, anasema heri mpumbavu huyu angeolewa na kaburi lake, na Juliet anapomwangukia kwa machozi anamjibu kwamba amemalizana naye, kisha anaondoka.

Sasa naomba turudi nyuma kidogo, katikati ya ghadhabu hiyo, mahali ambapo onyesho nililolitazama lilipita mbio. Nani anafungua kinywa kumtetea Juliet? Mama yake anamwambia mumewe kwamba amepandwa na hasira mno, basi. Yaya ndiye anayemwombea Juliet baraka za Mungu mbele ya bwana mwenye nyumba na kumwambia usoni kwamba ana makosa kumkaripia mtoto namna hiyo. Capulet anamwamuru afunge mdomo wake. Yaya anajibu kwamba hajasema neno la uasi, na anauliza kama mtu haruhusiwi kusema. Anaitwa mpumbavu wa kunung'unika. Huyu ni mtumishi wa nyumbani ambaye mkate wake, kitanda chake na uzee wake vyote vimo mikononi mwa mtu anayebishana naye, na isitoshe ndiye aliyepeleka salamu za Romeo na kuleta ngazi ya kamba, makosa ambayo yakijulikana yatamtupa nje siku hiyohiyo. Hata hivyo anasema. Katika chumba kile kizima, upendo uliokuwa tayari kulipa gharama ulikuwa wake.

Dakika chache baadaye anatoa ushauri ambao watu wamemhukumu nao kwa zaidi ya miaka 400. Wazazi wameondoka, Juliet anamwomba neno la faraja, na yaya anamwambia aolewe na Paris, kwa kuwa Romeo amefukuzwa mjini na hawezi kurudi kumdai mke wake ila kwa siri. Anaongeza kwamba Romeo akilinganishwa na Paris ni kitambaa cha kufutia vyombo. Maneno hayo ya mwisho siyatetei. Yalikuwa maneno mabaya mbele ya msichana aliyeagana na mumewe alfajiri ileile, na kumshauri mke wa mtu aolewe mara ya pili ni dhambi ambayo yaya mwenyewe, kwa imani yake, aliijua.

Lakini tujiulize alikuwa akiona nini. Alijua kwamba Romeo akikamatwa Verona atauawa, kwa kuwa hiyo ndiyo hukumu ya Mtawala wa mji. Alikuwa ametoka kumsikia baba akiapa kumtupa binti barabarani, na hakuna jambo katika maisha yake ya utumishi lililomfundisha kwamba viapo vya mabwana ni vya bure. Dawa ya kulala saa 42, ambayo baadaye ingemfanya Juliet aonekane amekufa ili aikwepe harusi, ilikuwa bado haijatajwa na mtu yeyote. Mbele yake alikuwa na mtoto aliyemnyonyesha, na njia moja tu aliyoiona ambayo mwisho wake mtoto huyo angekuwa hai, ndani ya nyumba, na chakula mezani. Mwanamke aliyekwisha kuzika Susan alichagua njia hiyo. Alichoshindwa ni kutambua kwamba mtoto wake alikuwa amekua, na kwamba kwa Juliet wa siku hiyo kuishi bila uaminifu hakukuwa kuishi. Huo ni upofu mkubwa, tena wenye madhara makubwa, maana tangu hapo Juliet anaapa moyoni kwamba yeye na yaya wameachana, na anabaki bila mtu mzima hata mmoja nyumbani wa kumweleza mpango wake. Naukubali upofu huo. Ninachokataa ni kuuita usaliti, kwa sababu msaliti hutafuta faida yake, na yaya hakuwa na faida yoyote pale.

Mlinganisheni na mtawa Laurence, ambaye wasomaji humhurumia upesi. Laurence ni msomi, ana heshima ya mji mzima, na anakubali kuwafungisha ndoa kwa sababu anatumaini itageuza chuki ya koo mbili kuwa upendo. Nia hiyo ni njema, lakini yeye ndiye mtu ambaye angeweza kwenda kwa wazazi na kusema ukweli akasikilizwa, na hakwenda. Badala yake alimpa msichana wa miaka 13 chupa ya dawa na kumlaza kati ya maiti. Na Juliet alipozinduka akakuta Romeo amekufa, Laurence alisikia kishindo cha walinzi, akasema hathubutu kukaa zaidi, akamwacha. Najua kwamba barua yake ya kumweleza Romeo mpango huo ilikwama kwa sababu ya tauni, na kwamba Capulet aliirudisha harusi nyuma kwa siku moja, kutoka Alhamisi hadi Jumatano, mambo ambayo hayakuwa katika uwezo wake. Kukimbia kaburini kulikuwa katika uwezo wake.

Juliet mwenyewe, pamoja na hasira yake yote, hakumaliza kuachana na yaya. Usiku ule wa dawa, akiwa peke yake chumbani na hofu inamtambaa mwilini, anataka kuwaita mama yake na yaya warudi wamfariji, na jina linalomtoka ni la yaya. Anamwita. Kisha anajizuia, kwa kuwa yaya angefanya nini pale? Kwangu mstari huo unauma kuliko vifo vyote vya kaburini, kwa sababu unaonyesha kwamba mwili wa mtoto bado unajua ni nani anayeitwa wakati wa hofu, wakati akili yake imeshaamua kwamba mtu huyo hawezi tena kuaminiwa. Asubuhi yake, anayeingia kumwamsha kwa majina ya mapenzi, anayemwita mwanakondoo wake na kumtania kwa uvivu wa kulala, ni yaya. Anayemkuta kwanza kama maiti ni yeye. Baada ya kilio hicho tamthilia haimwonyeshi tena. Kwenye kaburi, ambako baba wote wawili wanaahidiana sanamu za dhahabu, hayupo, na Laurence anamtaja kwa maneno machache tu kwamba naye aliijua ndoa ile.

Shakespeare aliitoa hadithi hii katika utenzi wa Kiingereza wa Arthur Brooke uliochapishwa mwaka 1562, na katika utenzi huo hukumu ya yaya ni ya wazi: anafukuzwa mjini katika uzee wake kwa kosa la kuwaficha wazazi habari za ndoa. Shakespeare aliisoma hukumu hiyo na hakuitia katika tamthilia yake. Mtawala wake anasema tu kwamba wako watakaosamehewa na wako watakaoadhibiwa, bila kuwataja. Mwandishi aliyempa mwanamke huyu Susan, banda la njiwa na ujasiri wa kumkabili Capulet hakutaka kumtia hatiani, na mimi sioni kwa nini sisi tuendelee kumhukumu kwa niaba yake.