Figo si Chujio, Limfu si Mfereji wa Majitaka

Mchoro wa figo uliozoeleka una mishale mitatu: damu chafu inaingia, damu safi inatoka, taka zinateremka kibofuni. Si wa uongo, ila umeacha nje sehemu kubwa ya kazi. Naona ndio uliozaa imani kwamba figo huziba kama chujio la chai na lazima zioshwe kwa kinywaji fulani. Limfu nayo, yaani majimaji yanayovuja kutoka kwenye damu na kurudishwa kwa mishipa yake yenyewe, imeingizwa kwenye mkumbo huohuo, eti ni mfereji wa sumu unaohitaji kuzibuliwa. Msimamo wangu ni kwamba mifumo hii miwili kazi yake kubwa ni kurudisha, na kutupa ni sehemu ndogo tu. Usipolielewa hilo utakunywa usichohitaji na kupuuza dalili ya kweli.

Tazama hesabu. Figo mbili za mtu mzima huchuja takriban lita 180 za majimaji kwa siku. Plazma, yaani sehemu ya majimaji ya damu, ni kama lita 3 tu, kwa hiyo ni ileile inayopita pale mara 60 hivi kwa siku. Mkojo unaotoka ni lita moja na nusu au mbili. Zaidi ya asilimia 98 imerudi kwenye damu. Chumvi inayochujwa humo inakaribia kilo moja na nusu, na sukari ni kama gramu 180. Chumvi hurudi karibu yote, sukari hurudi yote. Figo ingekuwa chujio na basi, plazma ingekwisha kabla ya nusu saa.

Kuchuja kwenyewe wala si kazi ngumu. Kila figo ina nefroni zinazokaribia milioni moja, na mwanzoni mwa kila nefroni kuna fundo la mishipa midogo, glomeruli. Presha ya damu husukuma maji na vitu vidogo kupitia ukuta wake. Seli za damu na protini kubwa hubaki. Kinachokula nguvu ni mrija unaofuata. Sehemu yake ya kwanza huvuta kama theluthi mbili za maji na chumvi, pamoja na sukari yote, mradi sukari ya damu haijapita takriban 10 mmol/L. Ikipita hapo, vibebaji vya sukari kwenye ukuta wa mrija vinalemewa, sukari inabaki kwenye mkojo na kuyang'ang'ania maji. Ndiyo maana mwenye kisukari kisichodhibitiwa hukojoa sana na kiu haimwishi. Mwishoni mwa mrija, homoni ya ADH huamua maji kiasi gani yarudi, na aldosteroni huamua juu ya chumvi. Kutoka hapo mkojo haubadiliki tena: ureta huusukuma kwa kujibana, na kibofu huupokea na kuanza kukukumbusha unapofika mililita 150 hadi 200.

Limfu inafanya urejeshaji wa aina nyingine. Mishipa midogo ya damu huvuja mchana na usiku, na hivyo ndivyo inavyotakiwa, maana seli hulishwa kwa majimaji hayo. Kwa makadirio ya kawaida, lita 2 hadi 4 kwa siku hurudi kwa njia ya limfu, pamoja na protini zilizochoropoka. Protini hizo hazina njia nyingine ya maana ya kurudi. Mishipa ya limfu haina moyo wa kuisukumia. Inategemea kujibana kwake yenyewe, misuli inayotembea, pumzi, na vali zinazozuia kurudi nyuma. Njiani limfu hupita kwenye tezi, ambako seli za kinga huikagua. Kisha inamwagwa kwenye vena kubwa chini ya shingo: mkono wa kulia na upande wa kulia wa kichwa na kifua humwaga kulia, mwili uliobaki wote humwaga kushoto. Angalia inakoishia: ndani ya damu. Limfu haina mlango wa kutokea nje, kwa hiyo anayekuambia atakukanda "itoe sumu" hajui bomba linaelekea wapi. Ukandaji wa limfu upo na una faida, lakini ni kwa mtu mwenye uvimbe wa limfu, tena ukiambatana na bandeji za kubana, mazoezi na kuitunza ngozi.

Uelewa huu unalipa zaidi pale mwili unapovimba. Bonyeza uvimbe kwa kidole gumba juu ya mfupa wa muundi, hesabu hadi kumi, achia. Shimo likibaki kwenye miguu yote miwili, fikiria moyo, ini, figo, au dawa, baadhi ya zile za presha zikiwemo. Uso na kope zikiwa zimevimba asubuhi na mkojo una povu lisiloisha haraka, figo huenda zinavujisha protini; zikipotea zaidi ya gramu 3.5 kwa siku, damu inaishiwa uwezo wa kushika maji. Mguu mmoja au mkono mmoja unaovimba taratibu kwa miezi, ngozi ikizidi kuwa nene, unaelekeza kwenye limfu: tezi zilizoondolewa kwa upasuaji wa saratani, au minyoo ya matende. Lakini mguu mmoja uliovimba ghafla na kuuma si wa kusubiri, unaweza kuwa na damu iliyoganda.

Kosa ninalolichukia hapa ni kumpa mwenye uvimbe wa limfu vidonge vya kukojoza. Vinatoa maji, lakini protini zinabaki kwenye tishu na kuyavuta upya. Mgonjwa anaambulia safari za msalani tu.

Mitoki nayo inaeleweka kwa ramani hiyohiyo. Kidonda cha mguu huvimbisha tezi za kinena kwa sababu limfu ya mguu hupita hapo. Tezi inayouma na kupungua ndani ya wiki mbili tatu mara nyingi inapambana na maambukizi tu. Iliyo ngumu, isiyouma, na inayoendelea kukua, hiyo ichunguzwe. Na iliyo juu ya mfupa wa mtulinga ichunguzwe hata ikiwa ndogo. Upande wa kushoto hasa, kwa kuwa hapo ndipo limfu ya tumbo inapomalizia safari na saratani ya tumboni inaweza kujitokeza shingoni.

Turudi kwenye vinywaji vya kuosha figo. Maji ya kutosha yana kazi yake: mwenye historia ya mawe anashauriwa anywe mpaka atoe mkojo usiopungua lita 2 hadi 2.5 kwa siku. Lakini aliyefeli moyo au figo anaweza kupewa kikomo cha maji, na hata mzima akinywa lita kadhaa kwa mkupuo anaweza kushusha chumvi ya damu hadi ubongo ukavimba. Mitishamba si salama kwa kuwa ni mitishamba: mwaka 1993 madaktari wa Brussels waliripoti wanawake waliofeli figo baada ya kutumia vidonge vya kupunguza unene vilivyokuwa na mmea wa Aristolochia. Dawa za maumivu kama ibuprofeni na diklofenaki pia zina lao. Mwili ukikaukiwa maji, figo hutegemea prostaglandini, kemikali za mwili wenyewe, kuacha wazi mshipa unaoingia kwenye glomeruli. Dawa hizi huzizima, na presha ya kuchujia inaporomoka. Mtu anayeharisha, au anayetumia dawa za presha na za kukojoza, asizimeze bila kuuliza.

Pesa ya kinywaji hicho ingelipia vipimo. Kreatinini ya damu, yaani taka ya misuli inayotolewa na figo, peke yake huchelewa kusema ukweli. Inaweza kuonekana ya kawaida hata figo zikiwa zimepoteza karibu nusu ya uwezo. Mwenye kisukari au presha aombe pia kipimo cha albumini, protini ya damu, kwenye mkojo, kila mwaka. Kikisoma zaidi ya 30 mg kwa gramu moja ya kreatinini iliyomo kwenye mkojo huo, kirudiwe. Kikibaki juu kwa miezi mitatu, huo tayari ni ugonjwa sugu wa figo, hata kama mkojo ni mweupe na mgonjwa hasikii chochote.