Mgonjwa hajibu, tuamini kipimo kipi?

Mtu akiumia vibaya kichwani, mpaka leo anapimwa kwanza kwa kile kipimo cha Glasgow cha mwaka 1974, anafumbua macho, anaongea, anasogeza mkono, basi, pointi 3 mpaka 15. Hakina gharama na kinasaidia sana, ila chote kinategemea mwili uonyeshe kitu. Sasa kama akili ipo na mwili ndo umegoma?

Madaktari wa Chuo Kikuu cha Columbia kule New York walitoa utafiti 2019 ambao mimi nauchukulia kwa uzito mkubwa. Wagonjwa 104 wa ICU (wodi ya mahututi), wote hawafuati amri yoyote, wakabandikwa kichwani waya za EEG, kile kipimo cha umeme wa ubongo, wakawa wanaambiwa endelea kufungua na kufumba mkono wako wa kulia, halafu wanaambiwa acha. Mikono kimya kabisa, lakini kwa 16 kati yao umeme wa ubongo ulikuwa unabadilika kufuata zile amri! Na baada ya mwaka asilimia 44 ya hao walikuwa wanaweza kujitegemea angalau masaa 8 kwa siku, wale wengine asilimia 14 tu.

Ukiishia hapo utataka kila mgonjwa apimwe hivyo kesho. Ila kuna utafiti mwingine wa 2024, wa hospitali za Marekani na Ulaya, ambao kati ya wagonjwa 241 wasiofuata amri ulikuta 60 ambao ubongo wao unaitikia, sawa, lakini wakapima pia 112 ambao wanafuata amri kwa macho yetu kabisa na mashine ikawaona 43 tu. Yaani zaidi ya nusu ya watu walioamka iliwakosa, na hilo linanitisha kweli, maana kuna siku mtu atasema EEG haikuonyesha kitu tuzime ventileta, ile mashine ya kupumulia.

Moyo nao unaongea. Presha ikipanda huku mapigo yanashuka, daktari anajua ubongo unabanwa ndani ya fuvu, na ubongo ukiumia sana mapigo yanakuwa ya kufanana mno, ile tofauti ndogo kati ya pigo na pigo inapotea. Uzuri monita ya moyo ICU ipo tayari, ila homa, maumivu, dawa za presha, vyote vinaichezea hiyo namba, kwa hiyo haikuambii kama mtu anakusikia.

Msimamo wangu ni kwamba ishara ya ubongo kuitikia ikionekana iwe sababu ya kuendelea na matibabu, isipoonekana isiwe hukumu. Na EEG isisubiri mambo makubwa hayo, kuna degedege la kimya, mwili hautikisiki hata kidogo ila ubongo unaungua ndani, na hilo lina dawa.

Mkiwa na ndugu kalazwa hivyo, muulizeni daktari dawa za usingizi zilipunguzwa lini kabla ya kupima, na kipimo kimerudiwa mara ngapi.