Kipande kimoja cha doti

"Bora umefika salama." "Mali hutafutwa." "Kanga zimejaa madukani, utanunua nyingine." Nimeambiwa hivyo na watu wanaonipenda kweli, na sina kinyongo na hata mmoja wao. Lakini maneno hayo yameniuma kuliko hasara yenyewe, na leo nataka niseme kwa nini.

Kilichopotea ni kipande kimoja cha kanga ya marehemu mama. Aliinunua Tanga mwaka 1983, nyakati zile nguo zilipoadimika, ukisikia zimeshushwa duka la ushirika unaacha ulichoshika na kukimbilia foleni. Alikuwa na mimba yangu. Alisimama tangu alfajiri akatoka na doti moja, mji mwekundu wa damu ya mzee, pindo jeusi, na jina JAPO SIPATI TAMAA SIKATI. Akaikata na kuipinda kwa mkono, kwa uzi mweupe, maana mweusi haukupatikana mji mzima. Nilibebwa mgongoni kwa kanga ile, na wadogo zangu wote baada yangu. Kipande kimoja kilifuliwa mpaka herufi zikafutika, zikabaki nne tu za mwisho, KATI. Basi nyumbani kikaitwa "kanga ya kati". Mtoto akilia usiku, mama anasema, hebu niletee kanga ya kati. Kile kingine, chenye jina zima, kilikuwa cha kutokea.

Mdogo wangu wa mwisho anaishi Hamburg, Ujerumani. Alipojifungua, mama hayupo, nikaenda mimi kumkanda na kumpikia uji wa pilipili manga mpaka atoke arobaini. Vipande vyote viwili nilivichukua, kwa sababu mtoto wa kwanza wa mdogo wangu hakuwa wa kubebwa kwa kitambaa kingine. Cha kati nilijitanda ndani ya ndege, baridi ilikuwa kali. Kile kizuri nilikikunja vizuri nikakiweka katikati ya sanduku, kizungukwe na nguo pande zote, kisichafuke. Nilidhani ndivyo ninavyokilinda.

Tulibadilisha ndege mara moja njiani. Hamburg nilisimama kwenye mkanda wa mizigo mpaka ukazimwa.

Kwenye kaunta ya mizigo iliyopotea nilionyeshwa kadi yenye picha za masanduku, unachagua umbo na rangi inayofanana na lako. Nikachagua. Dada aliyekuwa pale akaniuliza ndani kuna nini, nikataja nguo, viungo, kisha kanga. Akaandika neno la Kiingereza lenye maana ya mtandio. Nikamwambia hapana, si mtandio, nikaivua ile ya mabegani nikaitandaza juu ya kaunta, nikamwonyesha pindo, mji, na mahali jina linapokaa. Aliweka kalamu chini. Akauliza yale maandishi yanasema nini. Nikamtafsiria nilivyoweza, akanyamaza kidogo, kisha akaandika jina lote kwenye fomu, herufi kwa herufi, huku mimi namtajia. Katika safari nzima ya kutafuta sanduku lile, huyo ndiye peke yake aliyeuliza kitu chenyewe kikoje.

Baada ya hapo yakawa mambo ya barua pepe. Ni vizuri msafiri ayajue, kwa hiyo nayaandika. Mkataba wa Montreal wa 1999, unaohusu safari za ndege za kimataifa na ambao Tanzania na Kenya zimo, unasema mzigo usipofika ndani ya siku 21 tangu siku uliyopaswa kufika, unaweza kudai kama mtu aliyepotelewa kabisa. Mzigo ukifika umeharibika, lalamika kwa maandishi ndani ya siku 7. Ukifika umechelewa, ndani ya siku 21 tangu uupokee. Fidia ina kikomo, na tangu mwisho wa 2024 kikomo hicho ni SDR 1,519 kwa abiria, kipimo cha fedha cha Shirika la Fedha la Kimataifa (IMF), yaani kama dola 2,000 za Marekani. Na kuna kifungu ambacho sijawahi kusikia kikitajwa kaunta. Kabla ya kukabidhi mzigo unaruhusiwa kutamka kwamba una thamani kubwa zaidi, ukalipia nyongeza, na kikomo kikapanda.

Ningetamka nini, lakini? Siku 21 zilipokwisha niliambiwa nijaze orodha, kila kitu na bei yake, tarehe ya kununuliwa, na risiti kama ipo. Tarehe nilikuwa nayo. Kwenye bei nilikaa na ule mstari mtupu kwa siku mbili. Mwishowe nikaandika shilingi 7,500, nusu ya bei ya doti sokoni kwetu, na mkono ulikuwa mzito kana kwamba naisaini taarifa ya kifo mara ya pili. Fidia wamelipa. Siwalaumu kwa hesabu, mkataba haujui njia nyingine ya kupima. Ninayemtaka atumie kipimo kingine ni ndugu, jirani, rafiki.

Ukimwambia mtu "ni kitambaa tu", unamwambia akae kimya. Hukusudii, lakini ndivyo inavyomfikia. Hakuna anayeingia msibani akasema watu wamejaa duniani. Tunakaa mkekani, tunauliza aliugua nini, ilikuwaje, alisema nini mwisho, na mfiwa anasimulia mara kumi kwa watu kumi, na kila anaposimulia anapungukiwa na uzito. Kanga si mtu, najua. Lakini ile ilikuwa imeshika jasho la mama miaka arobaini, na mbali na kile cha kati sikuwa na kitu kingine cha kushika.

Wapo pia wanaouliza kwa nini nilisafiri nayo. Kwa sababu kanga ya mama haikununuliwa ikae kabatini! Aliipangia foleni ili ibebe watoto, na mtoto alikuwa Hamburg. Ningeambiwa nirudie ningeichukua tena, ila safari hii ningeivaa. Kosa langu lilikuwa kuitenga na mwili. Kitu usichoweza kukinunua tena kisiende tumboni mwa ndege, hata ukikizungushia nguo kumi. Tena andika jina lako na simu kwenye karatasi, uitie ndani ya sanduku lenyewe, kwa sababu kibandiko cha nje kikichanika, sanduku halina mwenyewe. Kule Marekani, katika mji wa Scottsboro, Alabama, kuna duka ambalo tangu 1970 linauza vitu vya masanduku ambayo wenyewe hawakupatikana. Nilisoma habari hizo usiku wa manane, ndege yangu haikupita hata karibu na Marekani, na bado nimekuwa nikiiona ile kanga imetundikwa kwenye hengi, mtu anaigeuza geuza, hajui isomwe kutoka upande gani.

Mtoto amebebwa na kanga ya kati. Ni laini kiasi kwamba fundo linateleza, inabidi ulikaze mara mbili. Siku ya arobaini tulitoka naye matembezi hadi ukingoni mwa ziwa, yeye mgongoni kwangu, koti langu juu yetu sote wawili. Mdogo wangu alikuwa kimya njia nzima, kisha akasema, "Dada, mimi ile nyingine siikumbuki vizuri. Nilikuwa mdogo, mama alikuwa anaificha. Ilikuwaje?"

Tukakaa kwenye benchi nikamweleza. Mji, pindo, lile doa la mafuta ya taa kwenye kona, na jinsi mama alivyoivaa Idi. Akauliza na hiyo ilipindwa kwa uzi gani.

Nikamwambia mweupe.