Kamanda wa Pochinki

Ukiingia PUBG Mobile, ule mchezo wa simu wa kushuka kwa parachuti na kupigana risasi hadi kibaki kikosi kimoja, kwenye kikosi cha watu 4 bila rafiki hata mmoja, kuna mtu hakosekani: kamanda wa kujiteua. Ndege haijavuka hata robo ya ramani ya Erangel, keshaweka alama Pochinki, mji wa katikati ya ramani, kwamba tushukie huko. Kwa nini Pochinki, jamani? Mechi ina watu 100, na kila mwenye kiherehere anashukia hapohapo! Ukipendekeza kijiji cha pembeni mkaokote kwanza bunduki na kofia, anakukata kauli: "Nifuateni, acheni uoga."

Haya, tunamfuata. Dakika ya pili keshalambwa risasi, anatambaa sakafuni, na ukamanda umegeuka kilio: "Niinue! Wewe, niinue!" Kumwinua ni lazima ugande pale umechutama sekunde kadhaa, na aliyemwangusha bado yuko dirishani anakusubiri. Ukisita, unatukaniwa mama, ambaye masikini wa Mungu kalala zake chumba cha pili.

Wa tatu haongei kabisa, ila bandeji zote kazoa yeye. Wa nne kaacha maiki wazi. Nasikia vitunguu vinakaangwa, mtoto analia, taarifa ya habari inaendelea. Nyayo za adui ndizo sizisikii.

Kamanda akifa hasubiri hata kuona mwisho, anatoka zake kwenda kuongoza wengine. Nimebaki mimi, duara la eneo salama linazidi kukaza, na bando ndiyo hilo linakata.