Uwanja wa Lake Tanganyika: nani alipie nyasi?

Ukitaka kujua uwanja wa Lake Tanganyika, hapa Kigoma, ulikuwa na shughuli gani juzi, usitazame magoli. Inama utazame karibu na mstari wa pembeni. Mimi nilipita pale asubuhi moja, siku mbili baada ya shughuli ya muziki ambayo mwenyewe simtaji. Nilikuta mashimo manne ya nguzo za turubai, kila moja linameza ngumi, na mabarabara mawili ya matairi ya lori yaliyokata kona kuelekea katikati. Kijana mmoja alikuwa na ndoo ya mchanga, anamwaga na kukanyaga kwa kisigino. Nikamuuliza kama hapo nyasi zitaota. "Mzee, mimi nimeambiwa nifukie," akasema, akaenda shimo la pili.

Tangu Mashujaa, timu yetu ya mpira inayoutumia uwanja huo, wapande Ligi Kuu mwaka 2023, mashimo hayo yamekuwa ugomvi wa vijiwe vyote, kuanzia stesheni hadi Ujiji. Kuna wanaosema uwanja ufungwe kwa kila kitu isipokuwa mpira: mikutano iende kwingine, matamasha yaende kwingine, mikesha iende kwingine. Na kuna wanaojibu kwamba huo ni uwanja wa watu, haukujengwa kwa ajili ya wachezaji ishirini na wawili. Nimewasikiliza wote kwa muda mrefu, tena kwa kahawa yangu mwenyewe, na kila upande una neno.

Wa mpira kwanza, maana ndio wanaopiga kelele zaidi. Kigoma ni mji wa mpira kuliko unavyosifiwa. Juma Kaseja ametoka huku. Mashujaa, timu ya jeshi, Desemba 26 mwaka 2018 iliwafuata Simba Dar es Salaam na kuwafunga 3-2 kwenye Kombe la Shirikisho la hapa nchini, wakati huo watu wengi nchini hawajui hata jezi yao ina rangi gani. Aprili 2024 Simba wakaja wenyewe, mechi ya kombe hilohilo, dakika tisini zikaisha 1-1, na kwa penalti mnyama akatolewa hapa hapa Lake Tanganyika. Kabla ya hapo, Julai 25 mwaka 2021, TFF, shirikisho la soka nchini, ilileta fainali ya kombe hilo Kigoma, Simba na Yanga. Taddeo Lwanga akafunga kwa kichwa, Simba wakachukua 1-0. Ilikuwa zamu ya mkoa, kama fainali ya 2019 ilivyokwenda Lindi na ya 2020 Sumbawanga. Lakini kwa muuza migebuka na mwenye nyumba ya wageni, ile wiki bado inahesabika kama sikukuu.

Hoja yao ni kwamba mji wenye timu ya Ligi Kuu unaingiza hela kila wageni wanapokuja, na Bodi ya Ligi haina simile na uwanja mbovu. Kiwanja kikifungiwa, timu inahamia mkoa mwingine, na mama lishe wa Kigoma hawezi kuhama nayo. Wanaongeza jambo la udongo, na hapo wako sahihi kabisa. Nyasi hazifi kwa sababu zimekanyagwa majani. Zinakufa kwa sababu udongo umeshindiliwa, hewa na maji havipiti, mizizi inabaki juu juu. Mchezaji akikimbia anagusa na kuondoka. Watu elfu kadhaa wakisimama saa nne mahali pamoja, au lori la jenereta likilala usiku mzima, ardhi inakuwa sakafu. Kwa Kigoma, ambako mvua zinaanza Oktoba na kwenda mpaka Mei, sakafu hiyo ndiyo dimbwi. Mpira unapigwa, unasimama.

Sasa sikiliza upande wa pili, na hapa nakuomba urudi mwaka 2015.

Aprili mwaka ule Nkurunziza, rais wa Burundi, alitangaza kugombea muhula wa tatu, na Warundi wakaanza kukimbia. Makumi ya maelfu waliishia Kagunga, kijiji cha mpakani kilichobanwa kati ya ziwa na milima, hakuna barabara ya gari. Wakalala ufukweni. Mwezi Mei kipindupindu kikaingia, kikaua watu zaidi ya 30, wengi wao wakimbizi. Njia pekee ya kuwatoa kwa wingi ilikuwa maji, na meli ya kuifanya kazi hiyo ilikuwa Liemba, ile iliyoundwa Ujerumani mwaka 1913 na kuunganishwa hapa Kigoma. Ilikuwa inabeba watu kama mia sita kwa safari. Wakishuka bandarini, walipelekwa wapi kabla ya mabasi ya kambi ya Nyarugusu, kule Kasulu? Uwanja wa Lake Tanganyika.

Fikiria hesabu ya pale. Unataka eneo lenye ukuta, geti la kuhesabia watu, nafasi ya kupiga mahema, mahali pa kuweka matangi ya maji na kuwatenga wagonjwa, na barabara ya basi hadi mlangoni. Tena lisiwe shule, maana watoto wanasoma. Kwenye mji huu vitu vyote hivyo kwa pamoja viko mahali pamoja tu, kwenye mitaa ya makazi kati ya Kigoma mjini na Ujiji, pale pale tunapogombania kona. Ukiwauliza waliofanya kazi siku zile hawatakutajia nyasi. Watakutajia chumvi za kuchanganya na maji za wagonjwa wa kuhara, na harufu ya klorini.

Kwa hiyo anayesema "mpira tu" inabidi anionyeshe mahema mengine tungeyapiga wapi. Hata tukiacha majanga, mji wa mkoani hauna ukumbi wa watu elfu ishirini, idadi inayotajwa kuwa ndiyo uwezo wa uwanja huu. Michezo ya shule, kampeni, mkutano wa injili, msanii kutoka Dar, vyote vinataka ukuta na geti. Na mtoto wa mtaa wa Gungu ambaye hana hela ya tiketi ya Simba huenda akaingia uwanjani mara moja tu maishani, siku ya michezo ya shule yake.

Mpaka hapo ningesema droo. Kinachoniudhi ni kwamba pande zote mbili zinabishana juu ya matumizi na kumruka mwenye nyumba.

Mwenye nyumba ni CCM, chama tawala. Lake Tanganyika uko kundi moja na Kirumba wa Mwanza, Sokoine wa Mbeya, na Ali Hassan Mwinyi wa jirani zetu Tabora: viwanja vya enzi ya chama kimoja vilivyobaki mikononi mwa chama baada ya vyama vingi kurudi mwaka 1992. Wapinzani wamedai kwa miaka mingi virudishwe kwa umma, kwa sababu waliochangia walichangia kama wananchi, wakati ambapo kuwa mwananchi na kuwa na chama havikutofautishwa sana. Kigoma hoja hiyo ina ladha yake. Kuanzia 2015 hadi 2020 manispaa ya Kigoma Ujiji iliongozwa na ACT-Wazalendo, wakati uwanja mkuu wa mji ni mali ya chama pinzani kwao. Diwani gani pale angenyoosha mkono kupitisha bajeti ya kupanda nyasi za CCM? Na chama nacho, kina haraka gani ya kuzamisha mamilioni kwenye kiwanja ambacho kila baada ya uchaguzi watu wanakidai?

Ila sidanganyiki kwamba kukihamishia serikalini ndiyo dawa. Uwanja wa Mkapa ni wa serikali, na Aprili 30 mwaka 2023 taa zilizimika Yanga wakicheza na Rivers United robo fainali ya Shirikisho Afrika, bara zima linatazama. Halmashauri zetu mitaro ya soko tu inazishinda.

Mimi naona waanze na kitu kidogo kisichohitaji kwenda mahakamani wala bungeni. Chama kibaki na hati yake kama kinaitaka. Lakini kila anayekodi uwanja, uwe mkutano wa chama hichohicho au tamasha, aweke amana ya nyasi mbali na kodi ya uwanja, na siku ya pili akabidhi kiwanja mbele ya mtu wa timu na mtu wa manispaa. Shimo moja, hela fulani. Lori likiingia ndani ya mstari, amana yote imekwenda. Fedha hiyo iwe na daftari lake, libandikwe getini kila mwezi, tuone imenunua mbolea au imenunua soda. Kiwanja cha mita 105 kwa 68 ni zaidi ya mita za mraba elfu saba. Hakitunzwi kwa ndoo ya mchanga. Na wakimbizi wakija tena, Mungu apishe mbali, hao hawadaiwi amana.

Wa "mpira tu" wataniambia amana haizuii udongo kushindiliwa. Kweli, haizuii. Ila lori likijua bei yake litaegeshwa nje, na hilo ni nusu ya ugonjwa. Wa upande wa pili wataniambia kanisa dogo au kikundi cha vijana hawataimudu. Hilo linaniuma zaidi, na sina jibu zuri isipokuwa viwango vitofautiane, jambo ambalo najua ndipo wajanja watakapopitia.

Yule kijana nilimwacha kwenye shimo la tatu. La nne liko hatua kama sita kutoka kibendera cha kona, pale ambapo winga wa kulia hugeuka ili apige krosi.